"Gonna" na "Ntakuja": Kosa la Mwanafunzi au Njia ya Lugha?

Utangulizi

Makala haya yana deni ndani yake. Kabla sijaingia katika historia yenyewe, ni vema nilitaje deni hilo, ili msomaji ajue tangu mwanzo kwamba mimi si hakimu tu katika kesi hii. Ni mshtakiwa pia.

Nikiwa kidato cha tatu niliandika insha ya Kiingereza juu ya safari ya kwenda kwa mjomba. Ndani yake kijana mmoja anamwambia mwenzake, "We're gonna miss the bus." Mwalimu wetu alilizungushia neno la pili duara jekundu, akaniita mbele.

"Hii gonna umeitoa wapi? Kwenye muziki?"

"Ndiyo, mwalimu."

Darasa zima likaangua kicheko. Alama mbili zikaenda na maji, na chini ya insha akaandika: "Uvivu wa ulimi." Sikubisha. Nilimwamini.

Miaka ikapita, na zamu ya kushika kalamu nyekundu ikawa yangu. Katika mazoezi ya kufundisha nilipewa kidato cha pili, somo la Kiswahili. Nikawaagiza wanafunzi waandike mazungumzo mafupi kati ya mama na mwanawe. Binti mmoja akaandika: "Ntakuja kesho, mama. Nshamaliza kazi." Nikakata "ntakuja", nikakata "nshamaliza", nikaandika juu yake "nitakuja" na "nimekwisha maliza". Kisha, kwa majivuno ya mwalimu mpya, nikaongeza pembeni maneno yale yale niliyoandikiwa mimi: uvivu wa ulimi.

Kesho yake binti akanifuata nje ya ofisi ya walimu. "Shikamoo mwalimu. Samahani, nilitaka kuuliza. Mbona nyumbani mama anasema hivi hivi? Ina maana mama anakosea kila siku?"

Nikamjibu kijuujuu kwamba maandishi ni maandishi na mazungumzo ni mazungumzo. Akashukuru, akaondoka. Lakini kazi niliyokuwa nimempa ilikuwa ni kuandika mazungumzo! Swali lake lilibaki nami mpaka niliporudi chuoni na kuanza kupekua vitabu vya historia ya Kiingereza na ya Kiswahili. Makala haya ni jibu langu kwake, japo limechelewa. Nitaanza na "gonna", kwa sababu ndilo neno lililoniadhibu mimi, kisha nitarejea nyumbani kwenye "ntakuja".

Roho iliyokuwa njiani

"Gonna" ni mkato wa "going to". Kwa hiyo historia yake ni historia ya kitenzi "go", yaani kwenda. Hapo kale kitenzi hiki kilikuwa cha miguu. Mtu alikuwa "going" pale tu alipokuwa ametoka mahali fulani akielekea mahali pengine. Sasa, kitenzi cha miguu kilifikaje kuwa alama ya wakati ujao, hata leo Mwingereza aliyeketi kitini bila kunyanyua unyayo aweze kusema "I'm gonna sleep"?

Mfano wa kale ambao wanaisimu hupenda kuutaja umo katika kitabu cha maono ya mtawa mmoja wa Uingereza, kilichopigwa chapa yapata mwaka 1482. Humo tunaonyeshwa roho moja yenye bahati mbaya ikiwa mikononi mwa maadui zake, na msimulizi anasema kwamba ilikuwa "inakwenda kupelekwa" jehanamu. Hebu tulitazame jambo hili kwa makini. Je, hapa tunaelezwa safari, au tunaelezwa jambo litakaloipata roho ile? Jibu ni yote mawili. Roho iko njiani kweli kweli. Lakini kitenzi kinachofuata kiko katika kauli ya kutendwa: kupelekwa. Haiendi ili itende jambo. Jambo ndilo litakaloitendekea. Katika sentensi kama hiyo, mwendo na wakati ujao vinalala kitanda kimoja.

Tusogee mbele zaidi ya miaka mia moja, tufike kwa Shakespeare. Katika tamthilia ya The Two Gentlemen of Verona, iliyochapishwa katika mkusanyiko mkubwa wa kazi zake wa mwaka 1623, Mtawala anamwona kijana Valentine akipita haraka haraka, anamwuliza anakimbilia wapi. Valentine anajibu kwamba kuna mjumbe anayemngoja, naye anakwenda kumpa barua. Swali lilikuwa la mahali. Jibu limekuwa la kusudi. Wala hatuoni ajabu, kwani hata sisi hujibizana hivyo kila siku. "Wapi hiyo, ndugu yangu?" "Aa, naenda kuchukua maji." Aliyeuliza ameridhika, ingawa hakutajiwa bomba liko mtaa gani. Kusudi limelimeza jina la mahali.

Mwaka 1646 mwalimu mmoja wa sarufi, Joshua Poole, aliandika katika kitabu chake The English Accidence kwamba "going to" ni alama ya wakati ujao. Ni bayana basi kwamba kufikia katikati ya karne ya 17 mabadiliko haya yalikuwa yamekwisha onekana hata na mwandishi wa sarufi. Naye mwandishi wa sarufi, kama tujuavyo, aghalabu ndiye wa mwisho kupata habari.

Mpaka uliohama

Ni nini hasa kilichotokea? Wanaisimu huliita jambo hili usarufishaji, yaani neno lenye maana kamili kugeuka kuwa chombo cha sarufi. Tuseme hivi. Hapo awali sentensi ya Valentine ilikuwa na vipande viwili: "nakwenda", kisha "kumpa barua". "To" ilikuwa mali ya kitenzi cha pili. Baada ya karne kadhaa za kusemwa na kusikiwa, masikio ya watoto yalikata sentensi mahali pengine: "going to" likawa fungu moja, na kitenzi kilichofuata kikabaki peke yake. Hakuna aliyelitangaza badiliko hilo. Mpaka wa shamba ulihama usiku, asubuhi watu wakaendelea kulima.

Na mpaka ulipohama, mambo mawili yalifuata. La kwanza, maana ya miguu ilitoweka, hata ikawezekana kusema "going to stay", kwenda kukaa, na hata "going to go", kwenda kwenda. La pili, fungu lile lilipokuwa linatumika kila mara, sauti zake zilisagika kama kizingiti kinachokanyagwa na wengi. Katika maandishi ya Scotland ya mwaka 1806 tayari tunakuta umbo "ganna", na baadaye "gonna" ikaenea katika maandishi ya Marekani.

Lakini angalia, msomaji. Mkato huu si wa ovyo. "I'm going to Mombasa" haiwezi kukatwa ikawa "I'm gonna Mombasa". Hakuna mzawa wa Kiingereza, awe mlevi au mwenye usingizi, anayesema hivyo. "Gonna" inakubalika pale tu ambapo "going to" imekwisha kuwa alama ya wakati. Pale ambapo bado ni mwendo wa miguu kuelekea mahali, umbo refu linabaki. Kama ungekuwa ni uvivu, uvivu ungekata popote. Ulimi unaojua wapi pa kukata na wapi pa kuacha si mvivu. Unafuata kanuni kali kuliko ya kitabuni.

Maana na matumizi yake

Wengi wetu tulifundishwa kwamba "will" na "going to" ni kitu kimoja, tofauti ni heshima tu. Si kweli. Simu ikilia nyumbani nami nikanyanyuka papo hapo, nitasema "I'll get it". Uamuzi umezaliwa sasa hivi. Nikisema "I'm gonna get a phone", uamuzi ulikwisha kufanyika kabla sijafungua kinywa. Hali kadhalika dalili ikiwa imekwisha kuonekana: mawingu meusi yametanda, na Mwingereza anasema "It's gonna rain". Yajayo yameanza kuonekana katika yaliyopo. Huu ndio urithi wa ile safari ya kale. Aliye njiani ametoka tayari. Hajafika, lakini safari imeanza.

Yapo na matumizi mengine. Mzazi akimkazia mtoto macho na kusema "You're gonna sit down", hiyo si habari ya kesho, ni amri. Na mtu akisema "I was gonna call you", mara nyingi hakupiga. Ni nia iliyokufia njiani, sawa na sisi tunaposema "nilikuwa nataka kukupigia, ila..." Shika neno hilo "nataka", tutalirudia sasa hivi.

Mwisho, Wamarekani Weusi wameisogeza safari hatua moja zaidi: "I'm gonna" imekuwa "I'ma". Umbo hili hutumika katika nafsi ya kwanza umoja peke yake. Kwa "you" na kwa "she" halimo. Hapo tena kuna kanuni.

Kumbe na sisi pia

Nilipofika hapo nilikumbuka sauti ya bibi yangu. Mawingu yakishuka alikuwa akituita: "Wajukuu zangu, toeni nguo kambani, mvua inataka kunyesha!" Nilikuwa nimeisikia sentensi hiyo maisha yangu yote bila kujiuliza: mvua inataka nini? Mvua ina moyo wa kutaka? Ukuta mbovu nao "unataka kuanguka". Ni dhahiri kwamba hapa "kutaka" si tamaa tena. Ni dalili ya jambo lililo karibu, kama vile kwenda kwa Mwingereza katika "It's gonna rain" si kwenda tena.

Na huo ni mwanzo tu. Kiambishi chetu cha wakati ujao, -ta-, kimetokana na kitenzi hicho hicho, kutaka. Ushahidi hauko mbali. Ingiza kirejeshi katika "atakuja", nawe utapata "atakayekuja". Ile -ka- iliyokuwa imejificha imejitokeza mlangoni! Kirejeshi kimelihifadhi umbo la kale. Basi "nitakuja" hapo awali ilikuwa ni "nataka kuja" iliyosagika. Na ndiyo sababu tunaweza kusema "atataka", ambayo kihistoria ni kutaka kutaka, ndugu pacha wa "going to go" ya Waingereza. Tena hata "will" yao, ambayo walimu wetu waliiona safi kuliko "gonna", imetokana na kitenzi cha Kiingereza cha kale kilichomaanisha kutaka. Sisi na wao tuliianza safari kwenye kituo kimoja bila kuonana.

Kitenzi kwenda nacho hatukukiacha. Tunasema "huenda asije". Fikiria: anakwenda, tena haji! Hakuna anayecheka, kwa sababu "huenda" imekwisha kuvua viatu vya safari na kuwa neno la shaka. Katika Kizulu, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa Kibantu, viambishi viwili vya wakati ujao, -zo- na -yo-, vimetokana na vitenzi vya kuja na kwenda.

Sasa nirudi kwenye daftari la yule binti. Nilimkata "nshamaliza", nikamwandikia "nimekwisha maliza", nikiamini kwamba yangu ndiyo safi na yake ndiyo iliyochakaa. Tuichambue hiyo safi yangu. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kiambishi -me- kimetokana na kitenzi cha kale cha Kibantu, kumala, yaani kumaliza, ambacho Waganda wanacho mpaka leo. "Kwisha" nayo ni kumalizika. Na "maliza" ni kumala hiyo hiyo iliyovikwa mnyambuliko. Kwa hiyo katika "nimekwisha maliza" kuna kumaliza mara tatu, kwa umri tofauti: babu aliyebaki silabi moja, baba aliyeanza kuchoka, na mtoto mwenye nguvu zake. "Nimekwisha kula" imezaa "nimeshakula", na "nimeshakula" imezaa "nshakula". Ile ya kati tumekwisha kuizoea hata darasani. Ya mwisho tunaipiga rungu. Kwa kosa gani? Kwa kuwa imefika baada ya wenzake.

Na "ntakuja" je? Katika "ntakuja", irabu ya "ni-" imedondoka. Katika "utakuja" na "atakuja" hakuna kilichodondoka. Ni nafsi ya kwanza umoja peke yake, kama ilivyo katika "I'ma". Hapo nilifunga kitabu nikacheka peke yangu. Binti wa kidato cha pili alikuwa anafuata kanuni ambayo mwalimu wake hakuwa anaijua.

Kalamu na sikio

Kama mambo ni hivyo, hii hasira ya kalamu nyekundu inatoka wapi? Nayo ina historia. Mwaka 1710 Jonathan Swift, mwandishi tunayemsoma kwa Gulliver wake, alilalamika katika gazeti la The Tatler juu ya Waingereza wanaokata maneno, na akakiri kwamba alijitahidi kwa miaka kulizuia neno "mob" lisienee. "Mob" ilikuwa mkato wa maneno mawili ya Kilatini. Mwaka 1712 akapendekeza hadharani kwamba pawe na chombo cha kuirekebisha lugha na kuituliza isibadilike. Chombo hicho hakikuundwa, na "mob" leo inaandikwa magazetini bila mtu kushtuka. Swift alikuwa na sikio kali kuliko wengi wetu, lakini alidhani mto unaweza kuzuiwa kwa kukemewa.

Kwetu, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1930, na Kiunguja kikawa msingi wa Kiswahili sanifu, kilichosanifishwa hasa kilikuwa maandishi. Kazi hiyo ilikuwa na faida zake, wala siibezi; bila hiyo nisingeandika makala haya yakasomwa kuanzia Lamu hadi Kigoma. Lakini ulimi wa Unguja wenyewe haukuacha kusema "ntakuja" kwa sababu ya kikao.

Sisi wa fasihi tuna la kutazama hapa. Katika Adventures of Huckleberry Finn, riwaya ya Mark Twain iliyotoka London mwaka 1884 na Marekani mwaka 1885, Jim, mtumwa aliyetoroka, amepewa "gwyne" mahali pa "going". Twain alijivunia mwanzoni mwa kitabu kwamba ameziandika lahaja kwa uangalifu, na maktaba ya mji wa Concord ikakiondoa kitabu mwaka 1885, ikikiona kuwa cha lugha chafu. Swali langu kwa wahakiki wenzangu ni hili: mwandishi anapobadili tahajia ili tusikie matamshi ya mhusika, ni kinywa cha nani anachokiandika, na cha nani anachokiachia tahajia ya shule? Profesa wa Kiingereza akizungumza haraka naye husema "gonna". Lakini riwayani ataandikiwa "going to", na mkulima ataandikiwa "gonna". Sauti ni ile ile. Tofauti ni cheo.

Na cheo hicho kina gharama. Mjini Ann Arbor, Marekani, wazazi wa watoto Weusi walikwenda mahakamani, kwa kuwa shule ilikuwa inawaona watoto wao kama wazito wa kuelewa. Tarehe 12 Julai 1979 Jaji Charles Joiner aliamua kwamba wakuu wa shule hawakuchukua hatua za kutosha kuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto hao katika kuwafundisha kusoma. Hakusema kwamba Kiingereza sanifu kisifundishwe. Alisema mwalimu aijue kwanza lugha anayokuja nayo mtoto.

Na nimkumbushe kwa heshima mwalimu wangu wa kidato cha tatu: Bob Dylan, aliyeandika wimbo wa mwaka 1962 uitwao "A Hard Rain's a-Gonna Fall", alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya fasihi mwaka 2016. Neno liko hapo hapo kwenye jina la wimbo. Tena ni wimbo wa mvua. Inataka kunyesha!

Hitimisho

Atatokea mtu aniulize: basi kila kitu ruksa? Tuandike "ntakuja" katika barua ya kuomba kazi? La hasha. Mtihani una lugha yake, barua ya ofisini ina lugha yake, na mwanafunzi asiyefundishwa tofauti hiyo ameibiwa. Lakini kusema "hapa si mahali pake" ni jambo moja, na kusema "huu ni uvivu" ni jambo jingine. La kwanza ni mafunzo. La pili ni tusi, na tusi lenyewe halina ukweli kihistoria. Zaidi ya hapo, katika mazungumzo ya kubuni, "ntakuja" ndiyo iliyo mahali pake. Mama wa hadithi anayesema "nimekwisha maliza" jikoni kwake si mama. Ni kamusi iliyovaa kanga.

Yule binti aliniuliza kama mama yake anakosea kila siku. Jibu ni hapana. Mama yake anafanya kile alichofanya mtoto wa Kiingereza aliyeusogeza mpaka wa "going to", na kile walichofanya wazee wetu walioisaga "kutaka" ikawa -ta-. Wao walisema, na baada ya miaka mingi wasomi wakaja kukipa jina walichokisema.

Nilimnyima alama mbili, kama nilivyonyimwa mimi. Mazoezi ya kufundisha yalikwisha na sikupata nafasi ya kumrudishia. Wenzangu mnaojiandaa kwenda kufundisha muhula ujao, kabla hamjafungua kalamu nyekundu, sikilizeni kwanza nani anazungumza ndani ya daftari. Mimi mwakani nikipangiwa tena kidato cha pili, nshajua la kufanya.